Dawa ya moyo huko nyuma: namna ya kutumia nitrogliserini ya kupaka ukiwa na mpasuko wa njia ya haja

Kama ukienda haja kubwa unahisi unapitisha vipande vya chupa, halafu ukishamaliza ndo kwanza maumivu yanaanza, yanachoma saa nzima, mawili, wengine mpaka mchana, unakaa ofisini kwa tako moja kama umekalia msumari na ukijifuta unaona damu nyekundu kidogo kwenye tishu, basi kuna uwezekano mkubwa hiyo sio bawasiri. Watu wengi wakiona damu tu wanasema bawasiri, wanaanza kunywa mizizi, wanapaka kila kitu. Bawasiri nyingi za ndani zinatoa damu bila kuuma. Kinachouma hivyo mara nyingi ni mpasuko, ngozi laini ya mlangoni imechanika, kakidonda kadogo tu lakini kanakutoa machozi mtu mzima.

Mi niliteseka nacho miezi mitatu kwa sababu ya haya. Siandiki kama daktari, naandika kama mtu aliyeandikiwa nitrogliserini ya kupaka, akaitumia vibaya, akaelekezwa, akaitumia vizuri. Na ndio, ni nitrogliserini ileile wazee wa moyo wanaweka chini ya ulimi, na ndio, ni ileile ya baruti. Usiogope, kwenye tyubu imechanganywa kidogo sana ndani ya mafuta, hailipuki.

Kabla ya yote lakini, mwonyeshe daktari. Najua. Lakini anachofanya ni kukulaza ubavu na kutenganisha makalio kidogo aangalie, dakika moja haiishi, na kama ni mpasuko mpya wala hatakiwi kukuingiza kidole siku hiyo. Anachotafuta ni sehemu ulipo. Mipasuko ya kawaida, kama tisa kwa kumi, iko nyuma katikati, upande wa mkia. Ikiwa iko pembeni, au iko mingi, au haiumi kabisa, au unapungua uzito, una homa, unatoa usaha, hapo inabidi watafute vitu vingine, TB, kaswende, UKIMWI, ugonjwa wa utumbo, hata saratani, na ukipaka dawa ya kulegeza msuli unajichelewesha tu.

Kulegeza msuli, hapo ndo penyewe. Kuna misuli miwili inayofunga pale mlangoni. Wa nje unauamrisha wewe, ndo unaokusaidia ukibanwa na daladala haijafika. Wa ndani haukusikilizi, unajibana wenyewe muda wote. Sasa ukichanika, ule wa ndani unashtuka, unakaza kama ngumi, ukikaza damu haipiti vizuri kwenda kwenye kidonda (na pale nyuma katikati damu ni kidogo toka mwanzo), kidonda kisichopata damu hakiponi, kesho choo kinapita kinachana tena, msuli unakaza zaidi. Ndo maana unapaka krimu za ganzi na za bawasiri wiki kadhaa inapoa saa moja halafu inarudi palepale, kumbe ganzi haijagusa tatizo. Nitrogliserini ikiingia mwilini inatoa hewa inayoitwa nitriki oksaidi, hiyo ndo inauambia msuli wa ndani ulegee na mishipa ya damu ifunguke. Waliogundua kazi ya hiyo hewa kwenye mishipa, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel 1998, na Nobel mwenyewe ndo aliyetajirika kwa kutengeneza baruti ya nitrogliserini, na uzeeni akaandikiwa na madaktari hiyohiyo nitrogliserini kwa ajili ya moyo wake. Dunia hii.

Sasa nguvu ya dawa, hapa soma taratibu. Ya mpasuko ni asilimia 0.4, au asilimia 0.2 ambayo mara nyingi inachanganywa na wafamasia wenyewe. Ulaya ya 0.4 inauzwa kwa jina Rectogesic, Marekani inaitwa Rectiv, iliruhusiwa huko 2011. Halafu kuna nyingine ya kupaka, asilimia 2, hiyo ni ya moyo, inapakwa kifuani. Ukiangalia haraka haraka 0.2 na 2 unaweza ukaona ni kitu kimoja. Sio kimoja.

Mi nilizunguka maduka ya dawa manne hapa Dar sikupata, binamu yangu anaishi Marekani akasema usihangaike, baba mkwe wake alikuwa na tyubu ya moyo imebaki, akanitumia kwa mtu. Akaniambia nimesoma, unapaka inchi moja asubuhi inchi moja jioni. Na ni kweli, maelekezo ya dawa ya mpasuko ndo yanasema hivyo, inchi moja, sentimita 2 na nusu. Na tyubu ile ya moyo imekuja na vikaratasi vyake vina alama za inchi kabisa, nikaona mambo si haya. Bahati nzuri nilipitia kwa mfamasia mmoja mama mtu mzima kununua glavu, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akageuza tyubu, akanitazama. "Mwanangu, hii umepewa na nani?" Akachukua kalamu akanipigia hesabu nyuma ya bahasha ya dawa: inchi moja ya dawa ya mpasuko ina miligramu 1.5 za nitrogliserini, inchi moja ya hii ya moyo ina kama miligramu 15. Mara kumi, maana ina nguvu zaidi na mstari wake unatoka mnene zaidi. Inchi ni ileile, tyubu inafanana, ila ningeipaka kule ndani ambako dawa inanyonywa haraka, presha ingeshuka ningeokotwa bafuni. Kwa hiyo soma asilimia iliyoandikwa, na kama ni ya 2 ya moyo usiiguse, usijaribu pia kuichanganya na vaselini nyumbani, na vile vidonge vya chini ya ulimi usivisage ukatengeneza dawa yako, hutaweza kupima. Kuchanganya ni kazi ya mfamasia mwenye mzani.

Kabla hujafungua tyubu kuna swali moja lazima ujibu ukweli, hata kama mkeo amekaa hapo pembeni. Unatumia dawa za nguvu za kiume? Sildenafili, tadalafili, vardenafili, zote za familia hiyo. Hizi na nitrogliserini hazikai nyumba moja. Zote zinafungua mishipa kwa njia ileile, zikikutana presha inaporomoka kwa kasi, mtu anazimia, anaweza kufa, na haijalishi nitrogliserini umepaka nyuma na sio kumeza, inaingia kwenye damu vilevile. Usidhani utapishanisha asubuhi na jioni, kwa wiki zote unazopaka unaziacha kabisa. Na kama ulishatumia, mwambie daktari lini, kwa sababu sildenafili huwa wanataka zipite angalau saa 24 na tadalafili angalau 48 kabla nitrogliserini haijakugusa.

"Mi situmii vidonge, natumia vya asili." Hapo ndo nataka kukukamata. Wakaguzi wa dawa nchi mbalimbali wamekuwa wakipima hizi dawa za asili za nguvu za kiume na kukuta ndani kumetiwa sildenafili kimyakimya. Vumbi la Kongo, asali ya kifurushi, kahawa ya wanaume, we hujui aliyefunga ameweka nini. Kwa muda unaotumia tyubu hii, achana navyo vyote. Ukipata maumivu ya kifua ukakimbizwa hospitali, waambie umetumia nini, kwa sababu kitu cha kwanza wanachoweza kukuwekea mdomoni ni nitrogliserini.

Wengine wa kumuuliza daktari kwanza: mwenye presha ya kushuka, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyeumia kichwa karibuni, mwenye kipandauso, mwenye presha ya macho ya ile aina ya ghafla, mwenye tatizo la valvu za moyo, anayetumia dawa nyingine za moyo za ukoo wa nitrogliserini (nitrati), mjamzito na anayenyonyesha. Dawa za kushusha presha nazo zitaje, sio kwamba haiwezekani, ila zote zitakuwa zinakushusha presha kwa pamoja.

Haya, kupaka kwenyewe. Ni kila baada ya saa 12, mi nilichagua saa moja asubuhi na saa moja usiku. Ukiweza nenda haja kwanza, ukipaka halafu ukaenda umepoteza dawa. Ukitoka, beseni la maji ya uvuguvugu, kaa dakika kumi hivi, usitie dettol wala chumvi wala majani, maji tu. Hayo maji peke yake yanalegeza, kuna siku nilitamani nibaki humo. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue.

Vaa glavu, au kama huna zungushia kidole plastiki laini ile ya kufunikia chakula. Hii sio kwa ajili ya uchafu, ni kwa sababu dawa inapita kwenye ngozi ya kidole na kichwa kitakuuma mara mbili. Kamulia mstari wa sentimita 2 na nusu kwenye kidole, boksi huwa lina alama ya kupimia, weka kidole pembeni ya alama. Mstari mwembamba, wa saizi ya mdomo wa tyubu, usiubinye ukajaa kama dawa ya meno kwenye matangazo. Kama umepewa ya 0.2 iliyochanganywa, fuata kipimo alichoandika aliyekuandikia, kinaweza kuwa tofauti.

Lala ubavu wa kushoto, goti la juu livute kifuani. Vuta pumzi, toa taratibu, wakati unaitoa ingiza kidole kidogo tu, mpaka pingili ya kwanza, kama sentimita moja, huendi kutafuta kitu. Zungusha polepole ipakae pande zote, toa. Siku za mwanzo mi sikuweza hata hiyo sentimita, nilitetemeka mpaka nikaacha, kumbe inaruhusiwa, ikiwa inauma sana paka mlangoni tu kwa nje, siku zinavyokwenda utaweza. Vua glavu kwa kuigeuza ndani nje, itupe kwenye ndoo yenye mfuniko, nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa. Mwenza wako akigusa inamwingia na yeye, na mtoto hasa.

Halafu baki umelala. Dakika 20, nusu saa. Usiruke ukakimbilia gari. Dawa inashusha presha kidogo na ukisimama ghafla ukuta unakuja. Siku za kwanza usiendeshe chombo, boda ndo kabisa, mpaka ujue inakufanyaje. Bia nayo inaongeza kizunguzungu, iache.

Sasa kichwa. Hakuna atakayekudanganya, kichwa kitauma. Zaidi ya nusu ya wanaoitumia kinawauma. Sobrero, yule Mtaliano aliyeigundua nitrogliserini 1847 kule Turin, alionja kidogo tu kwa ulimi akapata kichwa cha kupasuka, kwa hiyo uko kwenye ukoo mkubwa. Kinaanza dakika chache baada ya kupaka, kinagonga kama ngoma kwenye paji na pembeni, uso unapata moto, halafu kinapungua. Siku ya kwanza nilijua nakufa, nikatupa tyubu kwenye droo, nikakaa siku nne sijapaka, nikaanza tena, kikauma upya vilevile. Kosa langu lilikuwa hizo siku nne. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti zamani walikuwa na kitu wanaita kichwa cha Jumatatu, wiki nzima mwili umezoea hewa ya kiwandani, wikiendi wanapumzika, mwili unasahau, Jumatatu wakirudi kichwa kinawapasua. Mwili unazoea ukiendelea, ukiruka ruka unaanza moja kila mara. Nilivyoendelea bila kuruka, kufika siku ya sita hivi kilikuwa ni cha kupuuza.

Kinachosaidia: meza parasetamoli nusu saa kabla ya kupaka, kwa kiwango cha kawaida kilichoandikwa na usivuke cha siku. Kunywa maji. Wengine daktari anawaanzishia kiasi kidogo anapandisha, muulize usijipunguzie mwenyewe. Ukisahau mara moja, paka inayofuata kwa saa yake, usirundike mbili. Na kama kichwa kinakushinda kabisa, au unazimia zimia, sio ushujaa kuvumilia, rudi useme, kuna diltiazemu ya kupaka ya asilimia 2 na nifedipini ya kupaka, zinalegeza msuli huohuo kwa njia nyingine na kichwa hakiumi sana kama kwa hii. Madaktari wengine siku hizi wanaanza nazo hizo.

Lakini dawa hii peke yake ni nusu ya kazi, nusu nyingine iko jikoni. Unalegeza msuli halafu unapitisha choo kama jiwe, umefanya nini? Choo kiwe laini kama uji mzito wa ndizi. Mi niliacha sembe nikahamia dona, maharage au choroko kila siku, kisamvu, matembele, papai asubuhi, maji ya kutosha. Nikaongeza isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayouzwa maduka ya Wahindi, kijiko kimoja kwenye glasi iliyojaa maji na glasi nyingine juu yake, kwa sababu ukiila na maji kidogo inaganda inafunga zaidi. Laktulosi ya maji, dawa ya kulainisha choo, pia inafaa, daktari anakupimia. Choo cha kuchuchumaa kinasaidia, kama chako ni cha kukaa weka kistuli chini ya miguu magoti yapande. Usisukume, usikae na simu. Na haja ikija usiiahirishe kwa kuogopa maumivu, hiyo ndo inatengeneza jiwe la kesho.

Muda wake ni wiki, sio siku. Karatasi ya maelekezo ya Ulaya inasema mpaka wiki nane mwisho, ya Marekani inasema mpaka tatu, we fuata ya daktari wako. Maumivu yanapungua mapema kuliko kidonda kupona, mi wiki ya pili niliweza kukaa kwenye benchi la kanisani ibada nzima, nikajiona nimepona, nikala nyama choma na ugali mweupe siku mbili mfululizo, nikajichana upya. Na tuseme ukweli, haiponyi wote. Kwenye tafiti zilizokusanywa pamoja, waliopona kwa nitrogliserini ni kama nusu, na waliopaka mafuta matupu yasiyo na dawa walipona kama theluthi, na wengine waliopona inawarudia. Ikishindikana kuna sindano ya botoksi kwenye msuli, nayo ya kuulegeza, na kuna opareshoni ndogo ya kukata sehemu ya msuli wa ndani, hiyo inaponya zaidi ya tisa kwa kumi ila kuna wachache wanabaki hawawezi kuzuia hewa ya tumboni vizuri, ndo maana wanaanza na tyubu kwanza.

Nitrogliserini inatumika na kwa maumivu mengine yasiyo ya moyo, mfano viraka vyake vinabandikwa juu ya kano ya kisigino iliyochoka, kipande kidogo cha kiraka, na sio kila kiraka kinakatwa, hiyo ni ya daktari wa michezo sio ya kujaribu. Na misuli ya koo la chakula ikikaza inauma kifua na nitrogliserini inaituliza. Sasa angalia mtego wake: kifua kikiuma ukaweka kidonge kikapoa, hiyo haithibitishi kwamba ni moyo wala kwamba sio moyo. Nenda upimwe.

Tyubu ifunge mfuniko vizuri kila ukitumia kwa sababu dawa yenyewe inapotea hewani, weka sehemu isiyo na joto, chini ya nyuzi 25, ambayo kwa Dar ina maana sio dirishani na sio kwenye gari, na usiigandishe. Andika tarehe uliyoifungua kwa kalamu kwenye boksi. Ile ya dukani wiki nane zikipita unatupa hata kama imebaki, ya kuchanganywa muulize mfamasia.

Yangu ilibaki zaidi ya nusu. Jirani yangu, tunakaa naye barazani jioni, alivyosikia akanivuta pembeni akaniambia bro usitupe, nipe mimi, na mimi nina hiyo shida mwaka wa pili sasa. Nikamwambia kwanza kaangaliwe, nitakusindikiza. Halafu nikamuuliza, kile kikopo huwa unanunua pale stendi kila Ijumaa, ni cha nini? Akacheka, akaangalia barabarani. Tyubu niliitupa.